Mstari wa Kumi na Nne hadi wa Kumi na Sita

Jumanne, 7 Februari 2017

Theluji tena. Gari limegoma mara mbili kabla ya kuwaka. Kocha katoka na ndara zake akalisukuma, halafu akabaki barabarani ananipungia mkono. Miaka thelathini na minne ya ndoa na bado namwita Kocha kama mji mzima unavyomwita. Jina la Royce nalisikia benki na kwa daktari tu.

Ofisini nimekuta muswada mezani. Kurasa nne, karatasi nyeupe. Wanataka kuifuta Tume ya Masuala ya Wanawake. Sheria yetu yote, Sura ya 54, imepigwa mstari katikati ya maneno – ndivyo wanavyochapa hapa kitu kinachoondolewa. Unaweza kukisoma bado, ila kimeshakatwa. Nimekuwa katibu wa Tume hii miaka ishirini na moja, mfanyakazi wake wa pekee. Nilidhani nitalia. Nimechemsha kahawa.

Noreen kapiga simu. Ndiye mwenyekiti wetu. Kazi yake hasa ni kuuza bima ya mazao, na mdomo wake hauna breki. Kasema ni wabunge wale wale wa kila kikao: jimbo lina tume nyingi mno, wanawake wameshafika. "Wamefika wapi, Ardis? Mbona mimi sijaona kituo?" Nikacheka kidogo. Nikakata simu nikala mkate wangu.

Alhamisi, 9 Februari

Nimeusoma muswada tena, taratibu, na penseli mkononi. Ukurasa wa 3, mstari wa 14 hadi wa 16. Kifungu cha 7. "Barua au ushahidi ambao mwanamke ataipa Tume kwa siri utabaki siri, na hautatolewa kwa mtu yeyote ila mwenyewe." Nacho kimepigwa mstari.

Hakuna aliyelifikiria hilo. Hata Noreen.

Mwaka 1994 Tume iliwaomba wanawake wa jimbo waandike yanayotokea ndani ya nyumba zao. Mabango yalibandikwa hata kwenye vyoo vya vituo vya mafuta: hatasoma mtu ila Tume. Zikaja barua mia mbili na kumi na nne. Zimo kwenye kabati la chuma nyuma yangu, masanduku kumi na moja, zimepangwa kwa kaunti. Kifungu cha 7 kikifa, zinakuwa karatasi za serikali kama karatasi nyingine. Mtu anaomba, anapewa, anasoma.

Barua ya tisa katika sanduku la nne ni yangu.

Sijawahi kuiandika sentensi hiyo mahali popote.

Niliiandika jikoni, Machi, kwenye zile karatasi za bure za kampuni ya mbegu, zenye picha ya hindi kichwani. Kurasa tatu. Mtulinga wangu ulikuwa bado umefungwa bandeji. Kwa daktari nilisema niliteleza kwenye barafu. Kwenye barua nilisema kweli, nikamtaja Kocha kwa jina, na yale ya mwanzo nayo, ya mlango wa ghala, ya mkanda. Miaka miwili baadaye nafasi ya katibu ikatangazwa, nikaomba. Watu wakasema Ardis anapenda sana mambo ya wanawake. Mimi nilitaka kukaa karibu na lile kabati, basi.

Tangu 1998 hajanigusa. Goti likaharibika, akapasuliwa moyo, akapoa. Siku hizi asubuhi ananipashia soksi kwenye mashine ya kukaushia nguo. Sijui nimkasirikie Kocha yupi.

Jumanne, 21 Februari

Kamati imetusikiliza dakika ishirini. Mheshimiwa mmoja kutoka magharibi kasema mke wake hajawahi hata kuisikia hii Tume. Noreen kamjibu kwenye kipaza sauti: "Labda alitusikia, mheshimiwa, ila hakukwambia." Ukumbi mzima ukacheka. Yeye pia. Halafu wakapiga kura – tisa kwa nne, tufutwe.

Wakaongeza na mistari mitatu mwanzoni, kwamba meza na viti vyetu viende Idara ya Kilimo. Kwa hiyo muswada umechapwa upya, sasa hivi kwenye karatasi ya rangi ya waridi. Nimeletewa nakala. Sijaifungua. Hiyo nyeupe nimeshaikariri, naizungusha kwenye mkoba kila siku.

Kocha leo kafurahi hadi kapiga mluzi. Bodi ya shule imekubali ukumbi wa mieleka uitwe kwa jina lake. Sherehe tarehe 8 Julai. "Umeolewa na jengo sasa, Bosi!" Huniita Bosi tangu nipate kazi hii. Nikamwambia hongera. Tukala viazi vya kuoka na nyama ya kusaga, akaosha vyombo yeye.

Jumanne, 14 Machi

Nimekwenda kwa Seneta Amundt bila miadi. Nilimwambia hatuombi Tume, Tume imekwisha. Tunaomba kifungu kimoja tu kibaki. Kwa ajili ya wale waliotuamini. Sikusema zaidi. Alinitazama usoni muda mrefu kuliko nilivyopenda. Akasema, "Nenda kwa Lyle akaandike rekebisho, nitalibeba mimi. Lakini leo, mama, leo hii."

Lyle Pokorny ndiye mwandishi wa miswada, anakaa chini kabisa, karibu na mabomba, na kikombe cha maganda ya alizeti mezani. Alikuwa na miswada kumi na saba mbele yake na macho mekundu. "Nipe mistari tu, mama Ardis, sina hata pa kushika." Nikatoa karatasi kwenye mkoba. Nilikuwa nimeizungushia penseli. Ukurasa wa 3, mstari wa 14 hadi wa 16, rudisha. Akaandika. Nikaweka sahihi kwamba nimehakiki.

Dakika nne, zote zote. Nikarudi juu kwa ngazi.

Alhamisi, 30 Machi

Limepita. Kura ya sauti – ndiyo, ndiyo, hapana moja kutoka nyuma. Hata nusu dakika haikufika. Noreen alinikumbatia kule juu kwenye roshani akalia mpaka wanja ukamchuruzika. "Tumezikwa, lakini wametuzika na ufunguo wetu," akasema. Nilimpa karatasi za kufutia.

Nimefurahi. Naandika nimefurahi kwa sababu hilo ndilo neno lake.

Ijumaa, 21 Aprili

Lyle kapanda ngazi leo. Lyle hapandi ngazi. Alisimama mlangoni na sheria iliyochapwa, gavana keshatia sahihi tangu Jumatano, Bunge letu la kila miaka miwili limefunga virago hadi Januari 2019. Akauliza, "Mama Ardis, ile karatasi uliyonisomea ilikuwa rangi gani?"

Nikajua hapo hapo.

Nyeupe.

Mistari mitatu ya meza na viti ilisukuma kila kitu chini. Kwenye karatasi ya waridi mstari wa 14 hadi wa 16 si kifungu cha 7. Ni kifungu cha 6. "Katibu atatunza kumbukumbu zote za Tume, na kumpa mtu yeyote anayeomba kuzisoma, saa za kazi." Ndicho tulichookoa. Katika Sura ya 54 yote yamebaki maneno hayo tu. Hakuna Tume, hakuna mwenyekiti, hakuna siri. Yupo katibu, na kazi yake ni kufungua kabati.

Lyle akasema atasema ni kosa lake. Nikamwambia sahihi ni yangu, Lyle, rudi chini. Akaenda. Kaacha maganda mawili ya alizeti kwenye zulia, nimeyaokota.

Mjinga mimi! Mjinga, mjinga! Karatasi ya waridi ilikuwa kwenye droo ya meza hii hii ninayoandikia.

Jumatatu, 24 Aprili

Nimempigia Noreen nikamweleza. Akauliza: kwa hiyo kuanzia tarehe mosi Julai, Tume nzima ni wewe? Nikasema ndiyo. "Na akija yeyote?" Nikasema yeyote. "Hata mume wa mtu?" Nikasema sheria haijataja waume.

Akaniambia nisijilaumu, mpenzi wangu, sote tulikuwa hoi. Nikamwambia sawa. Sijilaumu wala sijisamehe. Nimekaa tu.

Jumatatu, 1 Mei

Nimelala nalo, nimeamka nalo, nikaona kitu. Kifungu cha 7 kinaishi hadi tarehe 30 Juni. Kinasema haitolewi kwa mtu yeyote ila mwenyewe. Basi, mwenyewe aje achukue! Anaandika tarehe na namba ya barua kwenye daftari, anatia sahihi, anaondoka nayo. Nimemuuliza Lyle. Kasema ni halali kabisa, na sauti yake ilikuwa nyepesi kidogo.

Siwezi kuwaandikia. Bahasha inaweza kufunguliwa na mwingine. Nitapiga simu mchana. Akishika mwanamume, nimekosea namba.

Jumanne, 16 Mei

Simu arobaini na tatu leo. Nane zimekufa – namba, si wanawake. Ingawa wanawake pia. Binti mmoja kashika, kaniambia mama alifariki 2009, mnataka nini? Nikasema ni habari ya zamani tu. Kwenye daftari hakuna nafasi ya binti.

Wanakuja. Wananiita jina langu wakiwa bado mlangoni, kwa sauti ya chini. Mmoja kavaa sare ya mpishi wa shule, kasoma yake kwa kusimama, mistari kama mitano. "Kumbe nilikuwa na mwandiko mzuri eh," akasema. Akaitia kwenye mfuko wa aproni akaenda kuwahi chakula cha wanafunzi.

Mwingine, Bi Ottilie, ana miaka themanini na mmoja, kakataa kuja. Yake imo sanduku la nne, kaunti yetu. "Iache hapo hapo," kaniambia kwenye simu. "Mzee amekufa, na kila mwaka makaburini nasikiliza watu wanavyomsifu. Nimechoka kuitikia. Acha waisome." Nikamuuliza una hakika, mama? "Binti yangu, ningekuwa sina hakika ningeiandika kwa kalamu ya wino?"

Nimefikiria juu ya wino mchana kutwa. Yangu ni ya wino.

Ijumaa, 9 Juni

Gazeti limeandika. Safu fupi ukurasa wa ndani, chini ya habari ya mvua ya mawe. Barua za siri za wanawake kufunguliwa Julai kwa sababu ya kosa la uchapaji. Kosa la uchapaji! Lyle amenisitiri.

Kwenye mgahawa wazee wa kahawa hawana habari nyingine. Kocha kaja nayo nyumbani, anacheka mpaka anakohoa. Ati mwenzao Vern keshaanza kumpelekea mkewe maua. Ati kila mmoja anamwambia mwenzake, wewe ndiye unayetajwa. Nikamuuliza na wewe wanakuambiaje? Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali lisilomhusu kabisa. "Mimi? Mimi mke wangu ndiye mwenye ufunguo, Bosi!"

Kacheka tena. Nami nikacheka. Sauti ilitoka yenyewe.

Hakumbuki. Nimekaa na jambo hili tangu wakati ule. Sidhani hata anaficha. Mimi nimebeba miaka yote kitu ambacho yeye alikiweka chini akakisahau, kama mwavuli.

Alhamisi, 22 Juni

Zimechukuliwa mia moja na moja. Sikutegemea hata hamsini. Noreen kaja kunisaidia kupiga simu, akishika mwanamume anajifanya amepiga kuuza bima, na wawili wamenunua.

Akapitia orodha kaunti kwa kaunti. Sanduku la nne: tano zimechukuliwa, zimebaki nne. Ya Bi Ottilie. Mbili za marehemu. "Na ya tisa?" Orodha ina namba tu, majina yako kichwani mwangu. Nikamwambia nampigia, hashiki.

"Endelea kumpigia," akasema. Nikasema haya.

Jumatano, 28 Juni

Janelle kapiga kutoka Denver. Watakuja yeye na watoto kwa sherehe ya baba. Atasoma hotuba. Kaniuliza nimpe kitu kizuri juu yake, kitu ambacho watu hawakijui. Niliona niseme soksi. Nikasema soksi. "Ee, mama, nitalia!" akasema binti yangu.

Ijumaa, 30 Juni

Siku ya mwisho. Kati ya asubuhi na mchana wamekuja sita, mmoja anakimbia kutoka kwenye basi, kajikwaa ngazini. Saa kumi ofisi imebaki kimya.

Nikafungua sanduku la nne. Nikaitoa. Sikuisoma, niliangalia lile hindi tu, rangi imepauka. Nikafungua daftari. Nikaandika tarehe. Nikaandika 4/9. Kalamu ikafika nafasi ya sahihi.

Noreen atasoma daftari hili. Lakini si Noreen anayenizuia. Ningeweza kumwambia Noreen mwaka wowote.

Nilimfikiria Bi Ottilie. Nikawafikiria wale wawili marehemu, hawawezi kuja. Nikasema moyoni, weka sahihi, mwanamke, ni jina lako tu, unaliandika kila siku. Mkono haukukataa, haukukubali. Ulikaa. Saa ya ukutani ikafika kumi na moja. Kifungu cha 7 kinakwisha leo, na mimi ni mtu wa saa za kazi. Nikairudisha mahali pake, ya tisa, nyuma ya nyingine tatu. Nikafunga kabati.

Sijui kama nimeamua au nimechelewa.

Jumatatu, 3 Julai

Naandika hapa hapa mezani, inakaribia saa nne. Sina la kufanya na mikono.

Mtu wa kwanza kaingia saa tatu unusu. Donati kwenye mfuko wa karatasi, kofia ya timu, anachechemea na goti lake. Kocha. "Nimekuja kukufungulia biashara, Bosi! Wazee wamenituma. Nipe kaunti yetu."

Nikamwambia nenda nyumbani, Kocha. Nilimwambia, naandika hapa ili ijulikane. Akasema, ah, gazeti limesema mtu yeyote, mimi si mtu? Akajibweteka kwenye kiti. Nikampa fomu. Kajaza jina kamili, Royce Alden Holte, kwa herufi kubwa, na penye "sababu ya kuomba" kaandika: umbeya. Anajicheka mwenyewe.

Fomu imejazwa sawasawa. Ni saa za kazi. Nikafungua kabati.

Sanduku liko mbele yake. Kavaa miwani ya kusomea, kalamba kidole.

Ya kwanza, ya mmoja wa marehemu. Alianza na kicheko chake. Kiliisha ukurasa wa pili. "Lo," akasema. "Huyu nilimfundisha mwanawe."

Ya pili kasoma polepole. Hakuniangalia. Donati yake imeumwa mara moja, imekaa juu ya mfuko.

Ya tatu ni ya Bi Ottilie. Kavua miwani, kaifuta kwa shati, kaivaa tena. "Yule mzee," akasema. "Nilibeba jeneza lake, Ardis." Kaniita Ardis. Sikumbuki mara ya mwisho. Kasema mtu anawezaje kumfanyia mkewe hivi, halafu anakaa kanisani siti ya mbele? Aliniuliza mimi. Alisubiri kabisa jibu, macho yake yamelowa.

Nikasema imebaki moja.

Kairudisha ya Bi Ottilie vizuri, kaisawazisha pembe kwa kiganja. Sasa hivi ameitoa ya tisa. Hajafungua. Anaangalia hindi.

"Ardis," anasema, "hizi si zile karatasi zilizokuwa jikoni kwetu, pale kwenye simu?"

Nimesema ndiyo.

Anaikunjua.